Kitabu cha Mdogo Wake Bi Miriam

Jumanne, 6 Mei

Shard End asubuhi, kwenye kazi yangu ya ulezi, kama kawaida. Nimemwogesha Bi Miriam, nimempa uji na dawa, nimempaka mafuta miguuni. Miaka themanini na saba. Macho yamekwisha. Kisha nikamsomea. Kitabu ni cha mdogo wake, Daniel, aliyeondoka Birmingham angali kijana akahamia Israeli. Ameandika maisha yake mwenyewe. Mwalimu wa hesabu. Meya wa mji mdogo usio na maji. Mbunge. Mwisho waziri wa kilimo. Bi Miriam hucheka kila mdogo wake anapotia chumvi. "Huyo? Hajapata kuamka alfajiri!"

Kwa rafiki zangu wa Alum Rock sijamwambia mtu ninachosoma. Habari za Gaza ziko kila duka. Mimi mwenyewe huzilia.

Alhamisi, 8 Mei

Tumefika penye vita. Si hivi vya sasa, vya zamani. Anaandika kwamba katika baraza la mawaziri aliona vita ni makosa. Alitaka kusema. Akawatazama mawaziri wenzake, akanyoosha mkono wa ndiyo. Miezi miwili baadaye akajiuzulu.

Bi Miriam akanieleza: wakati ule alimpigia Daniel simu akamwita mwoga. Hawajasemezana tangu hapo. Kitabu kimekuja kwa posta bila barua. Sura ya mwisho ina jina lake, Miriam. Tutaisoma Jumatatu, ajipe moyo kwanza. Nimeomba nikichukue nyumbani nikapitie maneno magumu. Akasema, "Kitunze."

Nimemdharau yule waziri. Mkono wake mwenyewe!

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya jambo baya.

Nilipita dukani kwa rafiki yangu Zuhura, anaposhona mabuibui, Alum Rock Road. Wanawake watatu wamekaa. Nilipotoa mkobani kanga niliyompelekea, kitabu kikatoka nayo, kikaanguka. Picha ya waziri juu, bendera nyuma yake. Zuhura akakiokota. "Shoga, hiki nacho cha nani?" Wote wakanitazama.

Nikasema nimekiokota kwenye basi. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Ingetosha. Lakini nikaongeza: "Takataka tu." Nikakitupa mwenyewe kwenye pipa la vipande vya nguo. Nikacheka. Nikanywa chai yao.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudi dukani mapema. Pipa tupu, taka zimechukuliwa jana. Zuhura akaniuliza natafuta nini. Nikasema hereni. Uongo wa pili.

Alhamisi nilimdharau waziri. Leo sina ubavu huo.

Jumatatu, 12 Mei

Bi Miriam alikuwa amevaa gauni la buluu, ameketi wima, ananingoja. Nilitaka kusema nimeibiwa. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamwambia kweli, yote, hata kile kicheko.

Hakupiga kelele. "Ulimwogopa nani, Salma?"

Rafiki zangu, nikasema.

"Wangekufanya nini?"

Wasingenifanya kitu. Akaniambia niende zangu. Bora angenitukana.

Jumatano, 14 Mei

Nilidhani nitakuta mlezi mwingine. Hakuna. Bi Miriam akanitajia namba ya Daniel nimbonyezee. Miaka yote hiyo anayo kichwani. Sauti ya mzee ikaitika.

"Danny, kitabu chako kimepotea. Ile sura yangu nisomee mwenyewe."

Hakusema kimepotezwa na nani. Nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikafungulia bomba nisisikie. Hayakuwa maneno yangu. Nusu saa, labda zaidi. Niliporudi uso wake umelowa, simu bado mkononi. Aliomba chai tu.

Ofisini kwa waajiri wangu pia hajanishtaki. Hilo limenichoma kuliko yote.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya sala nilikwenda kwa Zuhura. Wawili wa siku ile walikuwapo. Nikawaambia kitabu kilikuwa cha nani, na kwamba kila asubuhi namwogesha dada yake huyo mwandishi, na nampenda.

Mmoja akaaga. Zuhura aliendelea kushona upindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Ungesema tu," akasema, bila kuinua macho.

Sikukaa. Nimerudi nyumbani Saltley kwa miguu, manyunyu yakinipiga. Nimefua sare ya kazi, nimeianika karibu na dirisha. Kesho zamu yangu inaanza saa moja.