Ng'ombe wa Kwa Kompyuta

Kitengela, Jumamosi, 2004

Ati tovuti ni kazi ya watu wa digrii. Mimi wa darasa la sita nimejitengenezea yangu pale saiba, duka la intaneti, kwa vidole viwili tu, picha ya fahali juu, jina langu chini. Njeri mwenye saiba aliniambia, "Anko, hiyo dunia nzima itasoma." Nikamcheka.

Niliandika niko na ng'ombe mia mbili, na kwamba niliua simba kule Bisil kwa rungu.

Leo tumeenda kuongea mahari ya Lemayian, mtoto wa marehemu ndugu yangu. Nikalilia ukame, nikasema tumebaki na ng'ombe tisa. Baba ya msichana, mtu wa Kitui ambaye hata kamba za viatu hafungi vizuri, akaniangalia.

"Mzee, mbona kwa kompyuta wako mia mbili? Lete hao, ama ufute uandike ukweli. Kabla ya hapo msichana haendi."

Lemayian hajanisemesha tangu turudi. Hiyo inaniuma.

Mkwe gani hushinda akisoma kompyuta kama mtu asiye na shamba? Haya. Kesho nitaandika tisa.

Lakini simba hatoki.