Tetekuwanga ya Mlangoni

Baba,

Wizara ya Afya ya Nyumba Hii inatangaza rasmi kwamba chai iko kwenye chupa na Waziri, yaani mimi, ameenda duka la dawa. Usimwamshe Mama. Kuchana nywele tu kumemmaliza nguvu, kama kila siku tangu ile Korona.

Shangazi alikuja asubuhi. Nilimpa barakoa, akacheka: "Korona si ilishakwisha, mwanangu?" ~~Akaondoka mwenyewe.~~ Nikamwambia nina tetekuwanga, mbinu yetu ya bwenini ya kufukuza walimu. Alitoka mbio bila kuaga.

Kumbe Shangazi amekwambia; nimeona ujumbe wako: "Vipele viko wapi?" Sina hata kimoja, Baba. Nilidanganya. Nilianza kwa kumwomba Shangazi kwa adabu avae barakoa, akanicheka, na Mama alikuwa amelala nyuma yangu.

Kitinda mimba wako