Usimwachishe Ziwa Kwanza

Mama Idrisa, wewe uliyeko Msowero,

Simu zangu hupokei, na ni haki yako. Lakini jana shangazi yako kapita hapa Mikumi, kaniambia mtoto mnamwachisha ziwa Jumatatu. Tangu hapo sikai. Naenda hadi barabarani, narudi, naandika, nachana. Hii naiacha wazi, bila bahasha, wasomewe baba yako na kaka zako wote, kwa sababu mbele yao ndipo nilipokudhalilisha.

Unakumbuka Idrisa alivyokuwa akinyonya? Shavu limejaa, mkono umekamata kanga yako. Nyani wakija kuiba mahindi ya kuchoma uliyokuwa ukiuza barabarani, yeye anawapigia makofi, wewe unamgombeza huku unacheka. Nilikuwa naegesha bodaboda makusudi niwatazame.

Tukamwachisha. Haukupita mwezi, vidonda mdomoni, vidoleni, matakoni. Akaharisha, nywele zikanyonyoka. Mama yangu akasema mtoto kabemendwa, kwamba umetoka nje ya ndoa ukamharibia mwanao. Nami, mwanaume mzima, nikaitikia mbele ya baba yako na kaka zako. Ulipotaka kumrudisha ziwani nilikunyang'anya nikakuambia, "Maziwa yako yameshaharibika." Tulipomzika, uliondoka ukarudi kwenu na mimba changa ya huyu mnayetaka kumwachisha sasa.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kutibiwa ngozi ya mkono, nikamwonyesha daktari wa ngozi picha za Idrisa kwenye simu. Akauliza kama aliwahi kupata nafuu. Nikakumbuka vile vidonge vya zinki vya kutibu kuharisha, alivyopewa vya siku kumi. Vidonda vilikauka, sisi tukasifu kombe la shehe, yale maji ya aya tuliyomnywesha. Vidonge vikaisha, vidonda vikarudi.

Akanieleza polepole. Utumboni kuna protini ambayo kazi yake ni kuchukua zinki na kuiingiza kwenye damu. Inatengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Mtoto akirithi jeni yenye kasoro kwa baba, na kwa mama pia, protini hiyo inaundwa vibaya, na zinki inatoka na choo. Mzazi mwenye kasoro moja haumwi wala hajui. Daktari hakuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, maana mtoto hayupo wa kupimwa, ila dalili zote zinaelekea huko. Nikauliza mbona alinenepa akinyonya.

"Zinki ya maziwa ya mama huingia mwilini kirahisi," akasema. "Maziwa ndiyo yaliyokuwa yanamlinda."



Mama Idrisa, hukutoka nje ya ndoa. Hukumbemenda mtoto. Ugonjwa tulimpa wote wawili bila kujua, na dawa nilimnyang'anya mimi. Mama yangu nimemwambia hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na mimi simbembelezi.

Kila mtoto wetu ana nafasi moja katika nne ya kuupata. Huyu huenda ni mzima kabisa. Lakini msingoje vidonda. Mpeleke kwanza hospitali, aachishwe daktari akimwangalia na kumpima zinki kwenye damu. Ikipungua, atakunywa vidonge vya zinki maisha yake yote, na ataishi. Siku utakayokwenda mwambie shangazi yako anijulishe, nitakuwa kwenye geti la hospitali tangu asubuhi. Usinisalimie ukiona vigumu. Sikuombi urudi, nimekosa uso wa kuomba hilo. Nataka mtoto akue tu.

Na hadi siku hiyo, akililia ziwa, mpe.

Mimi,
baba wa Idrisa, na wa huyu ambaye jina lake sijaambiwa.