Ulimi Wangu Una Safari Zake

Mama Wambura,

Hujambo wewe na kuku wako? Huku Musoma upepo wa ziwa ni baridi, ila mimi jasho linanitoka kwa mshtuko.

Meno ya bandia niliyofuata yapo tayari, ili Jumamosi niseme vizuri kwenye kikao cha mahari ya Nyangeta wetu. Lakini nikisema "kikao" yanadondoka. Nikisema "kuku" yanatulia. Nikamwambia fundi, "Kijana, meno yako yanachagua maneno."

Akacheka, akapaka bamba la meno unga wa muhogo ili aone ulimi unagusa wapi, maana wa ngano umeadimika hata mjini. "Mzee, vaa useme ki." Nikasema. Akalitoa: ulimi umefuta unga kwenye ukingo wa nyuma. Akapaka tena. "Sema ku." Unga haukuguswa. Eti ile "i" inauvuta ulimi mbele hata kabla sijaifikia, na "u" inaurudisha nyuma ya bamba, penye nyama tupu ya kaakaa.

Nilifikiriaga k ni k tu. Ulimi nimelala nao tangu kuzaliwa, kumbe unasafiri bila kuniaga, kama wewe ukienda kwa dada yako Bunda.

Amesugua ule ukingo. Sasa "kikao" inapita, kwa shida. Basi wakwe wa Nyamuswa wakifika na meno yakidondoka mbele yao, wewe uwahi kucheka, wadhani ni desturi ya nyumba yetu.

Ubaki salama, unichomee hindi moja gumu.

Mzee wako, aliyekuwa kibogoyo