Kwa Nini Wenzako Wanacheza Wewe Umekaa

Kilwa Kivinje,
mwezi 4 Mfungo Tatu,
kwa hesabu ya serikali 14 Agosti 1953.

Mpendwa mjukuu wangu na mume wangu, Tawakali,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Mimi sijambo, ila meno mawili yameniaga. Mama yako Mastura hajambo, kikohozi kimemwacha. Wewe hujambo? Nakuuliza kweli, si kwa desturi ya barua.

Barua yako alinisomea Gregori, dresa anayefunga vidonda pale zahanati, maana herufi za Kizungu mimi sizijui. Nakujibu kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, mimi kwa maalimu wangu na wewe kwa wako. Walimu wenu wanafungua barua, usinikatalie. Wakiifungua hii wataona nyayo za kuku. Nawe nijibu hivi hivi.

Sasa hiyo siku yako ya shule. Umeniandikia kengele tisa, nimezihesabu kwa vidole. Ya kuamka, ya kuoga, ya uji, ya kukaguliwa kucha. Mwalimu mzima, mwenye mke, anakagua kucha za watu? Halafu hesabu, Kiingereza, na mito ya Ulaya. Mto Matandu uliotaka kukuzamisha, huo hawaufundishi? Baada ya chakula eti mnalala kimya saa nzima. Huku kwetu watu hukaa kimya hivyo penye maiti. Haya, nimekubali, elimu ina mambo yake.

Lakini Gregori alipofika kwenye kengele ya michezo, nilimwambia, "Rudia."

Akarudia: "Jioni wenzangu hucheza mpira nami huwatazama."

"Rudia tena."

"Bibi, nikirudia maneno hayabadiliki."

"Basi huyo si mjukuu wangu. Kaandika nani?"

Akacheka, akasema mwandiko ni wako.

Tawakali, wewe ulikuwa ukimtoroka maalimu kwa ajili ya mpira wa matambara, unachapwa, unarudi kucheza na alama za bakora miguuni. Leo umekaa unatazama? Nikamwambia Gregori aanze barua upya. Wenzako wanakwenda mtoni kuchota maji, wewe unachambua maharage. Wenzako wanalima bustani, wewe unaandika majina yao. Mwaka jana ulijisifu kwamba kila Ijumaa mnakwenda kwa miguu msikiti wa mjini. Safari hii unasali bwenini. Msikiti umehama?

Mwenye miguu mizima hapangiwi siku ya namna hiyo. Umeumia, na umenificha.

Najua unamwogopa nani. Tangu baba yako afariki, neno la ami yako Bakary ndilo linalofuatwa humu ndani, naye alisema siku unaondoka: ukipata shida yoyote huko, hata ya jino, unarudi kukata naye boriti mikokoni. Juzi kaniuliza, "Mama, mtoto anasemaje?" Nikamjibu, "Anasema wanakula maharage mengi." Sikusema uongo. Gregori naye nimemfunga mdomo kwa mkate wa kumimina.

Baada ya Idi, Ambrosi wa Kipatimu, yule dereva wa lori la samaki wakavu, atapita shuleni kwenu. Nimemwagiza asishuke. Akae kwenye lori, wewe utoke mlangoni umfuate, akuangalie unavyokanyaga. Ana mafuta ya ufuta niliyoyakamua mwenyewe na bafta ya kufungia. Kama ni mfupa, mafuta hayafai kitu: panda lori, akupeleke hospitali, kisha akurudishe darasani. Darasani, nimemwambia mara tatu, si nyumbani.

Mguu hautakutoa shule nikiwa hai. Kitakachokutoa ni uongo, na nitakuja kukutoa mimi.

Mama yako anakusalimu. Yeye sijamwambia, usingizi wake mwepesi. Gregori anakusalimu. Ami yako pia, naye anakupenda kwa njia yake ngumu. Mola akuhifadhi, akuondolee maumivu hayo unayoyaficha, akupe na mwenzako mmoja wa kukushika mkono ngazini.

Ukiandika jibu, salamu ziache zije nyuma. Tanguliza hili: ni mguu gani?

Akupendaye hata akikugombeza,
bibi yako,
Mwahija binti Rashidi