Kwa Zuhura, Aliyebaki Ngazidja

Shoga yangu Zuhura,

Watu wamenichosha kwa maswali, ndiyo maana nakuandikia hadharani, kila mwenye hamu asome mwenyewe. Hapa Takoma Park, Amerika, wako wanaosema ulifukuzwa nchini ukaona haya kutuambia. Kanisani kwetu mama mmoja amenihakikishia, kama mtu aliyekuwepo, kwamba umeolewa mke wa tatu na tajiri wa karafuu. Na kwenye harusi ya juzi kule Beltsville, dada mmoja wa Bukavu alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Ni kweli ule mama iko na ugonjwa mubaya, njo maana anajificha?"

Wote nimewajibu kwamba hujambo. Hawaridhiki. Basi nitaeleza ilivyokuwa, na wewe utanisahihisha panapostahili. Najua utanisahihisha hata pasipostahili.

Ulianza kunisahihisha siku ile ya kwanza tulipokutana kazini, kwenye nyumba ile ya kutunzia wazee. Mimi Mkisii wa milimani, Mkatoliki, Kiswahili changu cha shule na cha sokoni. Wewe Mngazija wa Unguja, mzaliwa wa Mji Mkongwe, na ulimi wako kama umepakwa samli. Nilikuambia nimemaliza kuosha yule bibi wa chumba cha mwisho. Ulishtuka ukaweka taulo chini. "Kafa?" Nikasema hajafa, anakunywa chai. "Basi umemwogesha, Kemunto. Sahani ndiyo huoshwa, na maiti. Mtu mzima na roho yake huogeshwa." Tukacheka mpaka msimamizi akaja kutazama. Tangu siku hiyo tulipanda basi moja, tukahamia jengo moja, tukalea watoto wetu kwa zamu. Nassor wako alikula ugali kwangu mpaka akaacha kuuita kwa Kiingereza, ingawa mengine yote mpaka leo anayajibu kwa Kiingereza.

Ulipoanza kusema unataka kuviona visiwa vya bibi yako, Ngazidja na jirani zake, nilidhani ni maneno ya majira ya baridi. Wote hapa huwa tunasema tutakwenda mahali theluji ikianguka. Ila ulikata tiketi, na ukanikatia na mimi. "Tunakwenda kutalii tu," ulisema. "Tupige picha, tule samaki, turudi." Nakumbuka neno hilo *tu*. Ulilisema mara nyingi mno.

Mji wa Moroni, kule Ngazidja, ulinipendeza kabla sijatua begi. Asubuhi ya kwanza uliingia kuswali katika ule msikiti wa zamani wa Ijumaa, mweupe, wenye matao yanayotazama bandari, na mimi nikakusubiri nje ukutani, nikitazama watoto wakiruka majini. Jumapili ikawa zamu yako. Ulinisindikiza mpaka kanisa dogo la Wakatoliki ukakaa nje na mwavuli wako. Padri alihubiri kwa Kifaransa, waumini wengi walikuwa Wamalagasi, sikuambulia kitu, ila nyimbo niliziimba kwa sauti. Nilipotoka ulikuwa umeloa jasho. "Padri wenu ana maneno mengi," ulisema, ukanipa maji yako yaliyobaki.

Dereva wetu Soilihi alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam ujanani, kwa hiyo Kiswahili kilikuwapo. Alitupeleka Ikoni, chini ya lile jabali ambalo inasimuliwa kwamba wanawake wa mji walijirusha baharini wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Bukini, nchi ya Wamalagasi. Mimi nilitaka picha. Wewe ulisimama ukitazama juu kwa muda mrefu, kisha ukamwuliza Soilihi, "Na waliobaki? Nani aliwatunza?"

Akasema hajui. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

Alitupeleka kaskazini pia, kwenye lile Ziwa la Chumvi, duara la maji lililokaa ndani ya shimo la mlima wa moto, hatua chache tu kutoka baharini. Tulipofika lilikuwa la kijani, na kabla hatujaondoka likawa la buluu. Soilihi akasema zamani palikuwa na kijiji hapo, mgeni akapita kuomba maji wakamnyima, kijiji kikazama. Siku nyingine tukapanda mlima wa moto wa Karthala, si mpaka kileleni, magoti yetu yalikataa. Tulifika pale miti mirefu inapokwisha na ukungu unapoanza kukulowesha nyusi. Chini ya miguu yetu jiwe lilikuwa jeusi kama mkaa, na katika nyufa zake makangaga mabichi yameota. Nilifikiria shamba la baba yangu na udongo wake mwekundu, nikastaajabu watu wa huku wanalima wapi.

Kila jioni nilikuuliza, "Ntsaweni lini?" Maana huko ndiko alikotoka bibi yako, ulinieleza tangu Amerika. Alichukuliwa bi harusi akapelekwa Unguja, akamwacha dada yake, na binti wa dada huyo bado yu hai. Kila jioni ulinijibu, "Kesho, shoga."

Badala ya Ntsaweni tukapanda kindege tukaenda kisiwa cha Mwali. Sitasahau asubuhi ile ya Itsamia, jua halijatoka vizuri, kasa mkubwa akirudi baharini baada ya kufukia mayai yake. Alijikokota, akapumzika, akajikokota tena, na sisi tukimfuata nyuma kimya kimya kama wasindikizaji. Maji yalipomgusa akawa mwepesi ghafla, akapotea. Nilikuona unafuta macho. Nilidhani ni mchanga.

Kutoka huko tukaenda kisiwa cha Nzuani. Tulipotea katika vichochoro vya Mutsamudu, tukaona maua ya mlangilangi yanavyochemshwa kwenye mapipa ya shaba mpaka nguo zetu zikanukia, tukaona popo wakubwa kama paka wakining'inia msituni. Siku ya mwisho tulipanda ngazi mpaka ngome ya zamani juu ya mji. Pale, umekaa juu ya mzinga wenye kutu, ndipo nilipokubana.

"Zuhura, tumeona visiwa vitatu. Tumeona mpaka popo. Unaogopa nini?"

Ulikwangua kutu kwa ukucha. Kisha ukaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua, kwamba Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Mama humrithisha binti, binti humrithisha bintiye, na mume huja kukaa kwa mkewe. Bi Echata, yule mama yako mdogo wa Ntsaweni, hakuzaa mabinti. Ana wana wawili wa kiume, wote wako Marseille.

"Nikitokea pale na masanduku yangu ya Amerika," ulisema, "watasema nimefuata nyumba. Sijawahi hata kumpikia uji. Nitasema mie nani?"

Nilikuambia, "Sema jina lako. Halafu nyamaza."

Soilihi alitupokea tuliporudi Ngazidja, na kesho yake tukaenda. Ntsaweni ni mji wa kale kweli. Tulipita kwanza msikitini, penye kaburi la mtu ambaye wenyeji husema ndiye aliyewaletea Uislamu, ukasimama ukasoma dua. Uliisoma taratibu sana, nikajua unavuta muda. Kisha tukaingia uchochoro wa mawe, na mtoto wa jirani akatuonyesha mlango.

Bi Echata alikuwa amekaa kitandani sebuleni, mdogo kama msichana, amepaka usoni msinzano, ile liwa yao ya manjano. Miguu yake ilikuwa imevimba. Uliinama mbele yake ukasema, "Kwezi."

Akakutazama. "Mbona," akasema.

Nilidhani anakuuliza mbona umekuja! Nilimgeukia Soilihi, naye akaziba mdomo asicheke. Akaninong'oneza kwamba hivyo ndivyo mkubwa anavyoitikia salamu ya mdogo. Lakini wewe hukucheka. Ulitaja jina lako, la mama yako, na la bibi yako, kisha ukanyamaza.

Yule mzee alinyoosha mkono akakushika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alizungumza Kingazidja, wewe ukidakia kile kidogo alichokuachia mama yako, na Soilihi akinifasiria.

"Pua ni ile," alisema. "Mmechelewa. Bibi yako alisema anakwenda kwa mwaka mmoja."

Ukaanza kujieleza kwamba hukufuata kitu, umekuja kumwamkia tu. Akakukatiza. "Nani kakuuliza umefuata nini? Umekula?"

Ulikuwa umeshapiga magoti sakafuni, umeshika mguu wake, ukibonyeza uvimbe kwa kidole gumba kama tulivyofanya maelfu ya mara kwa bibi za watu. Uliuliza dawa anazokunywa. Uliomba maji ya uvuguvugu. Nilikuona ukikunja mikono ya gauni, na nilijua, Zuhura. Nilijua kabla hujajua wewe.

Tulilala kwake usiku huo na uliofuata, na uliofuata. Siku ya kuondoka uliniita uani. Mabegi yangu yalikuwa mlangoni, yako hayakuwapo.

"Nimewaogesha mama wa wenzangu maisha yangu yote," uliniambia. "Wazuri, wenye adabu, Mungu awarehemu. Ila hakuna hata mmoja aliyenishika kidevu akasema pua ni ile."

"Na kazi? Na fleti? Na Nassor?"

"Nassor ana mke na nyumba Bowie. Fleti ni ya mwenyewe, siku zote ilikuwa ya mwenyewe."

Nilikasirika. Nilikuambia una mtoto mmoja, wa kiume, na kwa desturi yenyewe ya huko nyumba itabaki bila mtu baada yako. Uliipeleka hoja yangu ndani kama ilivyo ukamwambia Bi Echata. Nilimsikia akicheka kwa kikohozi. Soilihi akanifasiria: "Anasema, naye alidhani baada yake hakuna mtu."

Nilisafiri peke yangu. Katika ndege kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu, na mhudumu akaniuliza mara mbili kama nangoja mtu.

Nassor alikuja kunipokea uwanja wa Dulles. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena. Nilimweleza yote garini, naye akaendesha mpaka tukapita njia ya kwangu. Alinipeleka Bowie. Alinishusha ngazi akanionyesha chumba walichokuandalia yeye na mkewe, kimepakwa rangi ya samawati, kitanda kipya, na zulia la kuswalia limeelekezwa kibla. Alitaka kukushtukiza uliporudi. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya utotoni, "Nilichelewa, Aunty?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mama yake hakumkimbia yeye, kuna mtu alimhitaji kabla yake. Sikuwa na hakika kama naamini. Tulikaa kwenye kile kitanda kipya mpaka mkewe akatuita kula.

Huenda hakukuambia hayo, kwa hiyo nakuambia mimi. Wala sikuambii ili uumie. Nassor huyo sasa anajifunza Kiswahili kwangu kila Jumamosi, na matamshi yake ni kioja, lakini amekata tiketi za watu wawili. Amenisumbua aanzie wapi, Karthala au kasa. Nikamjibu aanze kwa kusema "Kwezi" na asishtuke akijibiwa.

Kisha Bi Echata akafariki, Mungu amrehemu. Habari zilipofika hapa, wote wakasema neno moja: sasa atarudi. Msimamizi wetu akaniambia nafasi yako ipo. Jirani yako wa ghorofa ya tatu akaniuliza tarehe. Na mimi pia, shoga, sikuwa tofauti nao. Nilianza kupanga. Nilikumbuka basi letu la asubuhi, nikaona kile kiti cha dirishani unachokipenda.

Ndipo nikakupigia Jumamosi ile mchana, kwenu jua limekuchwa. Tuliongea juu ya khitma, juu ya wana wa marehemu waliokuja kutoka Marseille, wakalia, wakakuachia funguo bila ugomvi, wakarudi. Nikavuta pumzi nikakuuliza, "Sasa utarudi lini nyumbani, Zuhura?"

Ulitaka kunijibu. Nilikusikia ukifungua kinywa. Lakini mlango wenu uligongwa, na sauti ya mwanamke kutoka nje ikauliza kwa Kingazidja maneno ambayo hata mimi Mkisii niliyaelewa, kama mwenye nyumba yupo.

Ukaitikia kwa sauti kubwa, bila kufikiri, ukiwa umenisahau kabisa kwenye simu: "Nipo! Karibu!"

Sikukuuliza tena. Umpokee Nassor vizuri, na uishi kwa amani kwako.

Mimi,
shoga yako wa Takoma Park,
Kemunto