Moto Uliokata Vipimo vya Dorine

Mpendwa mshauri Fausta, naomba msaada wako maana jambo hili nimeshindwa kulisema hata kwa padri. Mimi ni mkulima wa Hanga, nina miaka sitini na moja, mke wangu alishafariki, na binti yangu wa pekee, Dorine, anaishi Mjimwema, Songea mjini, na kazi yake ni kupima misitu yetu ya miombo inavyovuta hewa ya ukaa wakati wa mvua na kuirudisha kiangazi, setilaiti inakadiria kutoka juu kwa kuangalia majani, na yeye kaweka mnara wa vipimo karibu na shamba langu ili ajue kama setilaiti inasema kweli, miaka minne sasa. Mwezi wa kumi nilichoma majani shambani bila kulima njia ya kuzuia moto, nikaona upepo umetulia, ukageuka, moto ukaingia msituni na mnara ukaungua nikiuona, nikakimbilia nyumbani, watu wakadhani moto umetoka msituni. Dorine alikuja akalia mezani kwangu, nikamkorogea uji, akasema, "Baba, setilaiti imepita baada ya siku kadhaa, imeona majivu tu. Ningejua moto ulianzia wapi na saa ngapi, ningehesabu msitu umepoteza nini, nianze kupima unavyopona." Nikamwambia, "Pole mwanangu," basi. Sasa kijiji kinasema ni Muhsini, jirani yangu mrina asali, kwa sababu ya moshi wake wa nyuki, wamemkataza kuingia msituni, na bado kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo kaka." Naogopa Dorine hatanipenda tena. Nifanyeje?

Leonce, Hanga

Shikamoo mzee Leonce. Pole, tena pole sana. Kuukimbia moto ukiwa peke yako sikulaumu. Lakini kunyamaza wakati Muhsini anabebeshwa kosa lako, hapo umekosea, mzee wangu, na uitikie salamu yake kila siku? Hapana. Na huyo mtoto aliyeacha wenzake wote wa kazini akaja kulia mezani kwako, unadhani alikupenda kwa kuwa hukosei?

Kesho asubuhi nenda kwa Muhsini, umwambie mlangoni kwake, kisha mwende wote kwa mwenyekiti wa kijiji useme mbele ya watu. Dorine usimwambie kwenye simu. Mwite, mpeleke shambani, mwonyeshe ulipowasha, mtajie siku, saa, na upepo ulivyogeuka. Anayahitaji hayo kuliko uji. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee.

Wasomaji, jibu hili nilimsomea mzee kwa simu kwanza, na leo ameniruhusu kulichapisha. Mzee alipomwambia Muhsini mlangoni kwake, Muhsini aliuliza, "Wewe uliungua popote, kaka?" Dorine, alipoonyeshwa moto ulipoanzia, alirudi Songea bila kuaga, wiki nzima hakupokea simu. Jumamosi akafika na kamba ya kupimia.

"Baba," alisema, "simama palepale uliposimama siku ile."

Mzee akasimama. Dorine akapiga goti, akafunga ncha ya kamba kwenye kifundo cha mguu wa baba yake, taratibu isimuumize, akaanza kutembea kuelekea msituni.